Macho Mawili ya Blagoy

Asubuhi ile Nevena alikuwa hajafungua madirisha. Jikoni kulikuwa na kiza chepesi, kahawa inaanza kupanda kwenye kibirika cha shaba, na mumewe Blagoy ameshaketi mezani, viatu vya shamba miguuni, kama mtu anayeogopa cheri zisije zikamkimbia. Ilikuwa katikati ya Juni. Mwaka ule cheri ziliiva zote kwa mkupuo, na redio ilikuwa imesema mvua ingefika mwisho wa juma. Cheri mbivu ikinyeshewa hupasuka, na cheri iliyopasuka hainunuliwi. Basi Blagoy, na miaka yake sitini na mmoja, alikuwa ameshinda juu ya ngazi siku tano mfululizo, kichwa kimerudi nyuma tangu jua kuchomoza hadi kuzama, kama kuku anayekunywa maji.

Nevena alimwekea kikombe mbele yake, akamtazama. Akamtazama tena.

Mwanamke huyu alikuwa kinyozi mjini Kyustendil miaka ishirini na saba, mpaka magoti yakamkatalia kusimama. Kazi ile ilimfunza kupima nyuso za watu. Alijua kwamba hakuna uso uliolingana pande zote mbili: sikio moja hukaa juu ya jingine, nyusi moja hupanda, pua huelekea upande. Uso wa Blagoy aliujua kuliko wowote, maana aliunyoa kila Jumamosi bila malipo tangu walipooana.

"Blago, hebu nitazame."

"Mimi ninakutazama tangu ujanani, bibi. Bado tu hujatosheka?"

"Nitazame vizuri. Acha maneno."

Blagoy akainua uso. Mboni ya jicho lake la kulia ilikuwa nyeusi na pana kama punje ya pilipili manga. Ya kushoto ilikuwa kama mbegu ya haradali.

Nevena akamshika mkono, akamvuta nje mpaka uani, penye jua la asubuhi, akamgeuza uso kuelekea mwanga. Hapo mboni zote mbili zilikuwa ndogo, zinakaribiana kama mapacha. Akakunja uso. Akamrudisha jikoni, na pale kizani tofauti ikarudi. Akamtoa tena.

"Unanipeleka nje na ndani kama mbuzi wa mnada," Blagoy akasema. "Kuna mnunuzi?"

"Jicho lako moja ni kubwa na jingine dogo. Lakini ukitoka nje yanalingana."

"Basi nitakaa nje. Ngazi iko nje, cheri ziko nje, mke wangu tu ndiye yuko ndani na kahawa yangu."

Akacheka, akainywa kahawa yote kwa mafunda mawili, akaenda zake. Nevena akabaki amesimama mlangoni, hajui kama ameona jambo au amelibuni.

Jirani yao, Gergana, ndiye aliyempa jibu, ingawa halikuwa jibu lenyewe. Gergana alikuwa mjane mwenye sauti ya kuita mifugo ya mlima mzima. Alikausha maua ya dawa darini kwake, na hakukuwa na ugonjwa kijijini ambao yeye hakuwa na jani lake. Nevena alipomsimulia ng'ambo ya ua, Gergana hakufikiri hata kidogo.

"Mnanaha," akasema. "Si alifyeka mfereji Jumatatu alfajiri? Kando ya mfereji kumejaa mnanaha. Ameshika majani, akajifuta jasho, utomvu ukaingia jichoni. Marehemu mume wangu alipata vivyo hivyo. Jicho likawa kama la bundi siku tatu nzima."

"Kwa hiyo ni jicho kubwa lililoingiliwa?"

"Sasa unataka iwe lipi, mwenzangu? Jicho linalokodoa ndilo linaloumwa. Lioshe kwa maji ya maua ya babunaji, asubuhi na jioni."

Ilikuwa ni sababu inayoeleweka, na mtu mwenye hofu huishika sababu ya kwanza inayopita. Mchana ule Blagoy aliposhuka kula, Nevena alimlaza kwenye benchi chini ya mzabibu, akaloweka kitambaa kwenye maji ya babunaji yaliyopoa, akakiweka juu ya jicho la kulia. Blagoy hakubisha. Alijilaza mikono kifuani, akasema kama mambo haya yangekuwa ya kila siku, angefanya bidii ya kuugua mapema.

Wakala supu baridi ya maziwa ya mgando na matango. Hapo ndipo Nevena alipoona jambo la pili. Kope la jicho la kushoto, lile ambalo hakuliosha, lilikuwa limeshuka kidogo, kama pazia ambalo mtu amesahau kulipandisha hadi juu. Na Blagoy alipotaka mkate hakugeuza shingo. Aligeuza mabega na kiwiliwili chote, kama mtu aliyevaa ndoo kichwani.

"Shingo ina nini?"

"Imekaza. Ungekaa juu ya ngazi siku tano nawe yako ingekaza."

"Inauma?"

"Nimesema imekaza, Nevo. Nipitishie chumvi."

Chumvi ilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Nevena hakumwambia. Alikaa akimtazama akiitafuta. Kinyozi hajui mishipa wala mifupa, lakini anajua uso uliochoka na uso uliobadilika. Uliochoka huchoka wote. Huu ulikuwa umebadilika upande mmoja tu.

"Kesho tunakwenda mjini kwa daktari wa macho," akasema.

"Kesho namalizia mstari wa juu."

"Cheri zitakuwepo mwakani."

"Na jicho pia litakuwepo mwakani. Mvua haitasubiri."

Wakabishana mpaka supu ikapata moto wa jua. Blagoy alikuwa mtu mpole, lakini upole wake ulikuwa kama wa punda: hapigi, hang'ati, ila haendi. Mwishowe akainuka akapanda zake ngazi. Nevena akaosha vyombo.

Kesho yake alfajiri Blagoy alitoka uani akazunguka nyumba mara mbili. Akaenda mpaka shambani, akarudi. Akasimama mlangoni.

"Ngazi iko wapi?"

"Imeondoka," akasema Nevena. Alikuwa ameshavaa gauni lake la kwendea mjini, mkoba magotini. "Mimi na Gergana tumeibeba kabla ya alfajiri. Ipo mahali ambapo hutaiona mpaka nisikie neno la daktari."

"Wanawake wawili wenye magoti mabovu mmebeba ngazi ya mita tano?"

"Tumepumzika mara nne."

Blagoy alimtazama kwa muda mrefu, jicho moja pana, moja dogo. Kisha akaingia ndani kubadili shati.

Daktari wa macho mjini alikuwa mwanamke kijana aitwaye Iskra Damyanova, mwenye nywele fupi ambazo Nevena aliziona zimekatwa na mtu mwenye haraka. Aliwasikiliza bila kuwakatiza. Aliposikia habari za mnanaha hakucheka. Alisema mnanaha kweli hupanua mboni, na ameshaona watu wa namna hiyo. Kisha akaomba kitambulisho cha Blagoy, akaisogeza picha karibu na taa, akaikagua kwa kioo cha kukuzia.

"Hapa macho yalikuwa sawa," akasema. "Kope nazo sawa. Picha ni ya miaka minne. Basi hili ni jipya. Mama, sasa nitazima taa. Wewe simama hapa kando yangu, utazame nami."

Akashika tochi ndogo, akaimulika kutoka chini ya kidevu cha Blagoy, mwanga hafifu tu wa kuonea. Akawasha taa ya chumba, mboni zote mbili zikanywea haraka, sawia. Akaizima. Mboni ya kulia ikafunguka papo hapo. Ya kushoto ikabaki pale pale, kisha ikaanza kujivuta polepole, kidogo, kama mtu mvivu anayeamshwa, na hata baada ya kusubiri haikuifikia mwenzake.

"Umeona ni lipi lisilofanya kazi yake?"

Nevena alikuwa ameona. Alisikia uso wake ukipata moto kizani.

"La kushoto," akasema. "Daktari, mimi nimeosha la kulia."

"La kulia ni zima kabisa. Gizani mboni inatakiwa ifunguke, nalo limefunguka. La kushoto ndilo halifunguki. Ndiyo maana juani ulikuwa huoni tofauti, maana kule mboni zote mbili zinatakiwa kunywea, na kunywea zinaweza."

Akawasha taa, akavuta kiti karibu na Blagoy. Akaeleza kwa maneno mepesi, akimwonyesha kwa kidole kwenye mwili wake mwenyewe. Mboni ina neva za aina mbili, akasema, kila moja na kazi yake. Moja huifunga kunapokuwa na mwanga. Nyingine huifungua kunapokuwa na giza, na pia mtu akishtuka, au akimwona mtu anayempenda. Hiyo ya kufungua ndiyo yenye safari ndefu ya ajabu. Huanza ubongoni, hushuka ndani ya uti wa mgongo mpaka kifuani, hupita juu ya ncha ya pafu, kisha hugeuka ikapanda tena shingoni, imejizungusha kwenye mshipa mkubwa wa damu kama mzabibu kwenye waya, mpaka ifike jichoni. Huko hufungua mboni na husaidia kuinua kope.

"Kwa hiyo jicho likiwa hivi, mimi sishughuliki na jicho," akasema. "Naiuliza njia yote ile. Mzee Blagoy, shingo inauma?"

Blagoy akatazama sakafu. "Imekaza."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Tangu lini? Na kichwa?"

Nevena alimtazama mumewe, na mumewe hakumtazama.

"Tangu Jumanne," akasema Blagoy. "Nilikuwa nalivuta tawi la juu, nikasikia kitu shingoni, kama uzi uliokatika. Kisha maumivu yakapanda nyuma ya jicho. Nilidhani yatakwisha."

"Jumanne," Nevena akasema. Hakuipandisha sauti. "Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Umelala kando yangu siku tatu na kichwa kinachouma, na mimi naulizwa kama bado sijatosheka kukutazama."

"Sikutaka uogope."

"Umefanikiwa sana."

Daktari Iskra alikuwa ameshainua simu. Alizungumza na mtu kwa ufupi, kisha akawaambia kwamba Blagoy anakwenda kupigwa picha ya mishipa ya shingo sasa hivi, kwenye kiti cha magurudumu, na asigeuze kichwa hata akiitwa na waziri. Kwa saa moja na nusu Nevena alikaa kwenye korido akiukunja na kuukunjua mshipi wa mkoba wake. Aliwaza jambo moja tu: kama angelisema neno "sawa" jana mchana, sasa hivi Blagoy angekuwa juu ya ngazi.

Picha ilionyesha kwamba ukuta wa ndani wa mshipa wa damu, upande wa kushoto wa shingo, ulikuwa umechanika. Damu ilipenya kati ya tabaka za ukuta, ukavimba, ukaibana ile neva iliyojizungusha juu yake. Jicho, daktari akasema, lilikuwa limepiga kelele kwa niaba ya shingo. Hatari si jicho. Hatari ni kwamba pale palipochanika damu inaweza kuganda, na kipande kikapanda ubongoni, mtu akapigwa na kiharusi. Wengi hawaji mpaka hapo.

"Lakini bado hajapigwa?" Nevena akauliza.

"Bado. Ana nguvu mikono yote, anaongea vizuri, pengine anaongea kupita kiasi. Tunampa dawa ya kuzuia damu isigande na gari la wagonjwa linampeleka hospitali kubwa ya jijini Sofia leo. Mama, ungengoja mvua ipite, mimi nisingependa kusimulia ambalo lingetokea."

Wakingoja gari, walilazwa pamoja kwa namna fulani: Blagoy kitandani, Nevena kwenye kiti kilichosukumwa mpaka kikagusana na kitanda, mkono wake chini ya mkono wa mumewe. Daktari Iskra alikuja kumpima tena kwa tochi.

"Daktari," akasema Blagoy, macho yake juu darini kama alivyoamriwa, "ulisema mboni hufunguka mtu akimwona anayempenda."

"Ndivyo."

"Kwa hiyo tangu Jumanne mimi nampenda mke wangu kwa jicho moja tu."

Daktari akamgeukia Nevena kuona kama anaruhusiwa kucheka. Nevena alikuwa anacheka tayari, na huku machozi yanamtiririka, hayakuuliza ni la kulia au la kushoto.

"Moja linatosha," akasema. "Nyamaza sasa, usiitikise shingo."

Blagoy alikaa Sofia siku kumi na moja. Nevena alilala kwa binti yao Vesela, ghorofa ya saba, na kila asubuhi alipanda tramu kwenda hospitali na chupa ya supu ya kuku aliyoifunga kwa taulo. Alimnyoa Blagoy kitandani, polepole, bila kumgeuza kichwa. Alizunguka yeye kitanda badala yake, huku magoti yakimlaumu. Walizungumza mambo madogo. Siku ya nne Blagoy alikiri kwamba zile siku tatu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa jeshini, na kwamba alikuwa akipanda ngazi ili asipate nafasi ya kuogopa. Nevena aliendelea kumpaka sabuni shavuni.

"Siku nyingine ukiogopa, uniambie tuogope wote," akasema. "Mimi sina kazi nyingine."

Mvua ilinyesha Jumapili kama redio ilivyosema. Gergana alifika Sofia Jumatano yake kwa basi, na kapu la cheri, akaingia wodini na ile sauti yake mpaka muuguzi akatoka kumwangalia. Alikuwa amekusanya wanawake watano wa kijijini, wakachuma Ijumaa na Jumamosi mpaka mikono ikawa myeusi. Nusu ya shamba waliiokoa. Nusu ilipasuka, ndege wakafanya harusi.

Kisha akasimama miguuni pa kitanda, akashusha sauti, jambo ambalo Nevena hakuwahi kulisikia.

"Nilikwambia mnanaha," akasema.

"Ulisema."

"Kama ungenisikiliza mimi peke yangu, ningekuwa nimemzika kwa babunaji."

"Kama si wewe, nani angeshika ule upande mwingine wa ngazi?" akasema Nevena. "Keti, Gergo. Na hizi cheri umeziosha?"

Alikuwa hajaziosha. Walizila hivyo hivyo.

Blagoy alirudi nyumbani na orodha ya makatazo. Asinyanyue kitu kizito, asivute tawi la juu, asikirudishe kichwa nyuma, asiende kwa yule mtu wa kijiji cha pili anayewakunja watu shingo mpaka ilie. Vidonge kila siku kwa saa ile ile. Alivimeza bila kukosa, na Nevena hakumwamini, akawa anamfungulia kinywa kama farasi anayenunuliwa. Nyuma ya nyumba alimwona mara moja akiukumbatia mti wa cheri kwa mikono miwili, ameinamisha paji la uso kwenye gome. Alirudi ndani kimyakimya, akamwacha.

Novemba wakaenda kupiga picha nyingine. Ukuta wa mshipa ulikuwa umeshikana, damu inapita sawasawa. Daktari Iskra alizima taa, akamulika kutoka chini. Mboni ya kushoto ilifunguka, ikachelewa kidogo, ikaishia unywele mmoja nyuma ya mwenzake. Kope nalo lilikuwa limepanda karibu lote.

"Hii tofauti iliyobaki huenda isiondoke," akasema. "Haina madhara. Ila ukienda kwa daktari yeyote mwingine, mwambie mapema, asije akapata kiwewe."

"Nitamwambia mke wangu amwambie," akasema Blagoy. "Yeye ndiye mwenye macho yangu."

Juni iliyofuata cheri ziliiva taratibu, kwa adabu. Waligawana mavuno na Vesela na mumewe, waliokuja na marafiki zao wawili kutoka Sofia, watu wa ofisini wenye kofia mpya. Nevena alisimama chini ya miti kutoa amri. Blagoy alikatazwa hata kushika kapu, kwa hiyo alitangaza kwamba yeye atapika. Alikuwa hajawahi kupika banitsa, ile pai ya jibini yenye tabaka nyembamba, maishani mwake, ingawa alikuwa amekula zaidi ya elfu. Alimfukuza kila mtu jikoni. Walisikia bakuli likivunjika, kisha kimya, kisha redio.

Adhuhuri alitoka na sinia kubwa, unga hadi kwenye nyusi. Juu ilikuwa imepanda vizuri, ya rangi ya dhahabu. Chini ilikuwa imeungua. Jibini alikuwa ameitia chumvi tena, akidhani haina. Vijana wa Sofia walitafuna kwa heshima, wakinywa maji mengi. Nevena alikula kipande chake, akakwangua sehemu nyeusi kwa kisu, akakila chote, kisha akasogeza sahani.

"Nipe kingine," akasema.

Blagoy alimkatia cha pembeni, kile kilichoungua kidogo zaidi kuliko vingine, na akaketi kando yake kumtazama akila.